Kiangazi cha Kuangalia Viboko

Simu ya karakana iliita Massoudi akiwa amelala chali chini ya teksi ya watu, na kabla hajatoka kujifuta mafuta mikononi alikwisha kujua ni Houda. Hakuna mtu mwingine aliyempigia Jumapili mchana. Houda ndiye mtoto aliyebaki. Kaka yake, Ilias, alitoka nyumbani Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, mwaka wa pili wa vita kwenda kumtazama mgonjwa upande wa pili wa mji, na tangu siku hiyo hakuonekana, wala kaburi lake halikujulikana. Baada ya msiba ule usio na maiti, mama yao, Mwanasiti, alihangaika mpaka binti akapanda ndege kwenda kwa shangazi yake Ubelgiji. Huko akasoma, akaolewa na Anouar, kijana ambaye baba yake ni mtu wa Buyenzi, lakini yeye mwenyewe kazaliwa Brussels na Bujumbura aliijua kwa picha.

"Baba," Houda alisema, "tunataka kuja, mi na Anouar. Lakini yeye anataka safari ya wanyama. Rafiki zake wanamwambia twende Tanzania ama Kenya. Mi nikamwambia, baba yangu alikuwa anapeleka watalii. Sasa utuambie, mwezi gani ni muzuri?"

Baba mwingine angeuliza: mje huku kufanya nini, na watu wanahama na magodoro kichwani? Lakini Massoudi alikuwa ameulizwa swali ambalo kwa miaka minane hakuna aliyemwuliza. Kabla ya vita alikuwa mtu wa kutafutwa. Wageni walikuwa wakishuka hotelini wanauliza, "Yuko wapi Massoudi wa viboko?" Akawapakia katika Land Rover yake ya kijani, akawapeleka kwenye mlango wa mto Rusizi, pale mto unapoingia ziwani, akawaonyesha viboko na mamba, na ndege akiwataja kwa Kifaransa mmoja mmoja. Vita vilipoanza wageni walikatika kama maji ya bomba. Land Rover ikapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, ikafunikwa turubai, kuku wakatagia ndani.

Basi alijibu kama mtu aliyefunguliwa kinywa. Aprili haifai, alisema, mvua ni nyingi, gari huzama, na mto ukijaa viboko hutawanyika usione hata sikio. Novemba kuna mbu. Januari ni ya kubahatisha. "Lakini Julai, mwanangu, majani yamekauka, unaona mbali. Maji ya mto yamepungua, kwa hiyo wanyama wote wanakusanyika pamoja. Barabara ni kavu. Mje Julai. Kuliko huko Serengeti mkapange foleni ya magari kumwangalia simba mmoja."

Alipoweka simu chini alikuwa anatabasamu peke yake. Mtu mmoja alikuwa amemsikia mwanzo hadi mwisho, amekaa juu ya gurudumu bovu mlangoni. Huyo ni Sylvère, aliyekuwa mlinzi wa mbuga ile ya Rusizi siku za amani, na ambaye sasa alilinda ghala bandarini. Walikuwa marafiki tangu zamani, mmoja analeta wageni, mwingine anawaonyesha njia. Massoudi aliswali swala tano. Sylvère alikwenda misa, na baada ya misa alikwenda baa, na hakuficha yote mawili.

"Umemwambia Julai?" Sylvère aliuliza.

"Sasa nimwambie lini? Aprili, gari izame kwenye tope?"

"Mi ningemwambia Aprili. Mvua ikinyesha kila mutu anabaki kwake. Hata mubaya anabaki kwake. Mto ukijaa, nani atavuka? Lakini Julai, bwana we, maji yanaishia hapa." Akajigusa goti. "Mnyama anashuka kunywa, na mutu anashuka. Kiangazi ni kizuri kwa kila mwenye miguu."

"We unaogopa hata kivuli chako."

"Kivuli changu nakijua, tumekua pamoja. Wale wa Rukoko siwajui."

Rukoko ni lile pori la matete na miiba lililo kati ya mto na barabara ya kwenda Gatumba, kwenye mpaka wa Kongo. Zamani wafugaji walilisha ng'ombe humo. Katika miaka ile watu wenye bunduki waliishi humo, wakatoka walipotaka na kurudi walipotaka, na kila mtu mjini alijua, mpaka watoto walijua kwamba mlio wa risasi ukitoka upande ule wa machweo unaingia chini ya kitanda bila kuulizwa.

"Barabara ina dalili zake," Massoudi alisema. "Mi sitapita kabla ya kamyo ya bia."

Sylvère akacheka mpaka gurudumu likayumba. "Nyinyi Waislamu wa Buyenzi! Hakuna walevi duniani wanaoiombea dua bia ifike salama kama nyinyi."

Alikuwa anasema kweli. Tangu vita vianze, madereva wa barabara ile walikuwa na desturi yao. Wanajeshi walitangulia asubuhi kuikagua njia, lakini hakuna dereva aliyetia gia kwa sababu ya wanajeshi. Wote walingoja lori la bia litangulie. Lori lile lilipeleka bia Gatumba, nyingine ikavuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, na ilisemwa kwamba risasi hazilijui, kwa kuwa wa upande huu wanakunywa na wa upande ule wanakunywa. Likipita, njia ni njema. Lisipopita, unarudi nyumbani unalala. Massoudi, ambaye maishani mwake hakupata kuonja pombe, na ambaye akiiona baa mbele huvuka ng'ambo ya pili ya barabara, aliikabidhi roho yake kwa lori lile kila alipokuwa na kazi upande wa Gatumba. Halikuwahi kumdanganya.

Mwezi mzima alishughulika na Land Rover. Aliishusha kwenye mawe, akafukuza kuku, akabadilisha plagi na mipira ya breki, akapaka rangi milango. Watu wa mtaani walipita wakimtania. "Mzee, vita vimekwisha hatukuambiwa?" Yeye alijibu, "Mwanangu anakuja," na kuendelea kusugua.

Mwanasiti hakutania. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu Ilias apotee yalizidi kupungua. Alitandika kitanda cha wageni, akapika maandazi, akafukiza udi. Lakini kila aliposikia nyundo ya mumewe nyuma ya nyumba, alisimama kidogo na alichoshika mkononi, kisha akaendelea.

Houda alifika na uso wa mama yake na sauti ya baba yake. Anouar alikuwa mrefu, mpole, mwenye viatu vya safari vipya vya ngozi na kamera shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza kwa baba, kina Kifaransa katikati kama mawe kwenye mchele. Alimbusu Massoudi mkono. Alipoingia msikitini Ijumaa alijua la kufanya, na wazee wakamwambia Massoudi, "Umepata mkwe." Kifua cha Massoudi kilijaa.

Jioni ile Sylvère alikuja kuwasalimu, amevaa koti, amekwisha kupitia mahali. Alisalimia vizuri, akakaa, lakini harufu ilikaa naye.

"Mnakwenda lini?" aliuliza.

"Kesho," Massoudi alisema.

"Nitakuja nanyi. Mi nakaa nyuma, nasikiliza tu. Bila kulipwa."

"Hakuna haja."

"Massoudi, mi najua ule mto kuliko mke wangu. Kuna siku mto unakusemesha, na kuna siku unanyamaza. We unatazama viboko, we hujui kusikiliza."

Massoudi alimtazama mkwe wake, aliyekuwa ameinamisha macho kwenye mkeka. Akaona aibu. Akamwinua Sylvère kwa mkono, akamtoa mpaka nje ya lango. "Na hiyo harufu?" alimwambia kwa sauti ya chini. "Niende na mtoto wa watu kwenye gari langu linanuka baa? Atasema nini kwao?"

Sylvère alisimama akifunga kifungo cha koti. Hakukasirika. "Basi ukisikia kimya," alisema, "urudi."

Alfajiri, baada ya swala, Mwanasiti alimkuta mumewe anajaza maji kwenye rejeta. Alishika mlango wa gari kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake.

"Massoudi. Mi sikusema neno ulipomwambia aje."

"Najua."

"Sikusema kwa sababu nilitaka kumwona. Ni kosa langu mi pia. Lakini huyu ndiye aliyebaki. Ukimpeleka, umrudishe. Usinirudie peke yako."

"Tunakwenda kuangalia viboko, mama Houda. Adhuhuri tuko hapa tunakula."

Mwanasiti alimwekea maandazi kwenye kitambaa, akaingia ndani, na hakutoka kuwapungia.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini mwanajeshi mmoja alikuwa ananawa uso kwa maji ya kopo. Njia imefunguliwa, alisema. Massoudi aliuliza kuhusu lori la bia.

"Limepita mapema. Hata basi halijapita."

Massoudi alimgeukia Anouar, aliyekaa mbele naye. "Umesikia? Sasa hata mtoto anaweza kuendesha." Akamweleza desturi ya lori, na kijana akacheka, akasema kwamba Brussels hakuna atakayemwamini.

Asubuhi ilikuwa nzuri kama alivyoahidi. Anga nyeupe ya kiangazi, vumbi jepesi, milima ya Kongo imekaa ng'ambo kama imechorwa kwa mkaa. Majani pande zote yamekauka rangi ya simba. Massoudi aliendesha akieleza, mkono mmoja nje. Houda, nyuma, alikuwa amejifunga mtandio na kucheka, na kwa muda Massoudi alimwona ni yule msichana mdogo aliyekuwa akimpandisha kiti hiki hiki.

Hawajafika mbali wakakutana na lori la bia likirudi. Lilikuja kwa kasi, taa zimewashwa mchana kweupe, kreti zimepangwa juu mpaka turubai halikutosha. Massoudi akatoa mkono kumsalimu dereva. Dereva hakuutazama. Lori likaingia kwenye shimo, likapanda, likapita, na vumbi likawafunika.

"Mmeona?" Massoudi alisema akipandisha kioo. "Limekwenda, limeshusha, limerudi. Njia ni safi kama sahani."

Anouar aligeuza shingo kulitazama lori mpaka likapotea. Alifungua kinywa. Akakifunga. Kisha akauliza, "Huwa linarudi mapema hivi?"

"Leo wamepata wateja wa haraka."

Anouar akachezea kamba ya kamera.

Waliiacha lami, wakashika njia ya mchanga inayoelekea mtoni. Hapo Massoudi alizoea kukuta watu: wanawake wa kukata matete, wachunga ng'ombe na fimbo mabegani, wavuvi wanaotengeneza nyavu na kuwapigia kelele watalii wanunue samaki. Leo hapakuwa na mtu. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, imepinduliwa. Kando ya mmoja kulikuwa na sufuria juu ya mafiga, moto chini yake bado unafuka, na muhogo ndani umeanza kushika chini. Houda alisema, "Chakula chao kinaungua." Massoudi alipita bila kupunguza mwendo.

"Wamekwenda sokoni," Massoudi alisema baadaye, kama aliyeulizwa.

Akawapeleka mpaka kwenye kilindi cha viboko. Kwa miaka aliyoleta wageni hapo, kiangazi hata kimoja hakikupita kilindi kile kikiwa kitupu. Leo kilikuwa kitupu. Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, hayana hata pumzi. Massoudi alisimama juu ya ukingo, mikono kiunoni. Akawashusha kwa miguu kufuata mto kuelekea ziwani, na huko wakawaona, wengi kuliko alivyopata kuwaona, wamesongamana kwenye maji haba hata migongo iko nje inakaushwa na jua. Hawakulala. Hawakupiga miayo. Masikio yote yamesimama, na wote wameelekea upande mmoja, juu ya mto, walikotoka.

"Waouh," Anouar alisema kwa sauti ya chini. Akaanza kupiga picha. "Beau-père, baba mkwe, ulisema kweli. Julai."

Massoudi alianza kueleza. Akamtaja ndege mweupe anayekaa mgongoni mwa kiboko, akataja korongo. Katikati ya jina la tatu ulimi ulisimama, kwa sababu alikuwa ametafuta ndege wa kuonyesha na hapakuwa na ndege. Alisikiliza. Hapakuwa na chura, hapakuwa na ng'ombe mbali. Kimya kile hakikuwa cha mahali pasipo na mtu. Kilikuwa cha nyumba ambayo wenyewe wamo ndani na wameziba midomo.

"Baba," Houda alisema, "kuna nini?"

"Kaeni hapa."

Akapanda tena juu ya mto kidogo, mpaka mahali ambapo maji yalikuwa yamepungua kweli, mchanga umejitokeza katikati kama mgongo. Ukingo wa huku ulikuwa umekanyagwa. Aliinama. Ng'ombe, alijiambia. Lakini ng'ombe hawavai buti za mpira. Nyayo zilitoka majini, juu ya nyayo nyingine, juu ya nyingine, matope yamevurugwa upana wa barabara, zikaingia kwenye matete ya Rukoko, na matete yalikuwa bado yanajiinua polepole, moja moja, yalipolazwa. Ndani ya nyayo maji yalikuwa hayajatulia.

Alirudi bila kukimbia. Alijua kukimbia kungewatia hofu, na alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia mkwe wake kwamba matembezi yamekwisha bila kusema kwamba yeye, Massoudi wa viboko, amekosea msimu. Alikuwa amefika kwenye "Jua ni kali, heri turudi" alipomwona Anouar ameshusha kamera.

"Baba mkwe," kijana alisema. "Nataka kusema kitu, mais unisamehe."

"Sema."

"Ile kamyo. Kreti zilikuwa zimejaa."

"Zimejaa nini?"

"Bia. Haikushusha. Chupa tupu zinalia, lori likiingia shimoni zinagongana, unasikia mbali. Zile hazikulia. Na vizibo viliwaka juani, viko juu ya chupa. Niliviona. Imegeuza njiani, haikufika."

Massoudi alimtazama. Miaka minane alikuwa amelitazama lori lile, rangi yake, namba yake, uso wa dereva wake, na hakuwahi hata siku moja kuzitazama chupa, kwa sababu muungwana hakodolei chupa macho.

"Na we mambo ya chupa umeyajua wapi?"

"Baba, acha," Houda alisema.

"Nakunywa, mzee," Anouar alisema. "Si kila siku. Lakini nakunywa. Houda anajua."

"Kwa nini hukusema barabarani?"

"Niliona haya. Ungeniuliza nimejuaje."

Mto ulipita mbele yao bila sauti. Massoudi alitaka kukasirika, na hasira ilikuwapo, ilikuwa tayari, lakini haikupata pa kukaa. Kijana alikuwa ameficha harufu yake, na yeye aliificha ya Sylvère, akamwacha nyumbani mtu ambaye angelisikia lori lile hata akiwa usingizini.

"Ingieni garini," alisema.

Aliendesha kwa kasi ambayo njia ile haikupata kuiona. Houda alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Walipita penye sufuria. Moto ulikuwa umezimika. Mbele, kupitia kwenye majani, lami ilikwisha kuonekana, mstari mweusi, na Massoudi alikuwa ameanza kusoma dua ya kushukuru pale matete ya kushoto yalipofunguka, wakatoka.

Hawakukimbia wala hawakupiga kelele. Walitoka kama watu wanaotoka shambani. Wa kwanza alikuwa na redio ndogo imefungwa kifuani kwa utepe wa kike na bunduki ameilaza mkononi, akainua kiganja kumwonyesha Massoudi asimame. Nyuma yake wanne walibeba mlango wa nyumba, mlango mzima na bawaba zake, na juu ya mlango kulikuwa na mtu amelala, shati lake limelowa damu tumboni.

Massoudi alisimamisha gari. Hakuzima injini.

"Mnatoka wapi?" mwenye redio aliuliza kwa Kirundi, kisha, alipowatazama vizuri, kwa Kiswahili.

"Kuangalia viboko."

Yule mtu aliwageukia wenzake akawatafsiria, na mmoja akacheka kicheko kifupi. "Viboko," alisema mwenye redio. "Watu wanakufa, nyinyi mko kwa viboko. Mlichagua siku muzuri."

Akazunguka gari polepole. Akamtazama Houda kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Massoudi. Akafika upande wa Anouar, akaigusa kamera, akatazama chini kwenye viatu vipya.

"Huyu ni nani?"

"Mkwe wangu. Mtoto wa Buyenzi."

"Buyenzi hawavai viatu hivi. We, sema kitu."

"Bonjour," Anouar alisema, na mara akajua kwamba lafudhi yake imemuuza.

Yule mtu akatikisa kichwa taratibu, kama mnunuzi aliyeona kitu alichokuwa anakitafuta. "Wa Ulaya. Basi vizuri. Gari tunachukua, la kubeba mgonjwa. Huyu ataendesha, atakaa na sisi. Kwao watamtafuta kwa pesa. Mwanamke pia anakuja, apike. We mzee, nenda nyumbani uwaambie."

*Usinirudie peke yako.* Massoudi aliweka mikono yake juu ya usukani, na aliposema, sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani, ya kuwaambia watalii wakae chini wasianguke.

"Mpeni basi aendeshe," alisema. "Atatia gari kwenye matope kabla hamjapoteza lami machoni, na huyo ndugu yenu atafia juu ya mlango. Huyu hajui hata kufunga diff gari likinasa. Mimi nimeendesha humu wewe hujazaliwa. Najua mahali ambapo kiangazi mchanga unabeba na mahali ambapo juu pakavu, chini uji. Nitamfikisha mnakotaka bila kumrusha. Lakini hawa wawili wanashuka hapa, wanakwenda mjini kwa miguu. Mkiwagusa siendeshi. Na mkinipiga risasi, nani atawaendesha?"

"Unatuamrisha?"

"Nawaambia habari ya njia tu. Amri mnayo nyinyi."

Mtu juu ya mlango alitoa sauti ndogo. Wabebaji walibadilisha mabega. Mmoja akasema jambo kwa Kirundi, haraka, akionyesha upande wa mjini, na mwenye redio akatazama lami, akatazama mgonjwa, akatema mate.

"Viatu," alimwambia Anouar. "Na hiyo picha."

Anouar akavua viatu, akavua kamera. Alipokanyaga chini alionekana mdogo.

Houda hakushuka. "Baba, apana," alisema. "Apana, apana."

"Shuka."

"Nitamwambia nini mama?"

Massoudi alimwonyesha lami kwa kidole. "Mshike mumeo mkono," alisema. "Mtembee katikati ya lami, wanajeshi wawaone kwa mbali. Msikimbie. Msigeuke nyuma." Kisha akamwambia kijana, kwa sauti isiyo na ukali, "Anouar, ukiona kitu, useme. Haya utaiona baadaye."

"Ndiyo, baba," Anouar alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba bila neno jingine.

Mlango wenye mgonjwa ukaingizwa nyuma kwa shida, bawaba zikikwaruza rangi mpya. Watu wakapanda, wengine wakasimama kwenye vyuma vya pembeni. Gari likajaa harufu ya matope na damu. Mwenye redio akakaa pale alipokuwa amekaa Anouar, akaweka bunduki kati ya magoti.

"Twende."

"Injini imepata moto. Iache ipumue kidogo."

Haikuwa imepata moto. Katika kioo Massoudi aliwaona wamefika kwenye lami, wameshikana mikono, Houda ameinamisha kichwa, Anouar anakanyaga kwa kujihurumia nyayo. Walikuwa wanatembea kama alivyowaambia. Mbele yao barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, na baada ya kona, si mbali, kilikuwepo kizuizi na yule mwanajeshi wa kopo la maji.

"Mzee. Twende."

"Naam. Nakwenda."

Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole kuliko ilivyohitajika, na gari likaanza kujongea kuelekea kwenye matete. Hakuangalia mbele. Aliangalia kioo mpaka mtandio wa Houda ulipofika kwenye kona, ukaipinda, ukapotea. Hakusikia mlio wa risasi. Ndipo akageuza uso, akamwuliza yule mtu ni upande gani, na akaingiza gari Rukoko.